Kumwiga Hopper ukiwa Kariakoo: acha kofia, chukua kioo

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha wa harusi, kipaimara na mahafali, naishi Mbagala. Nataka kufanya kazi yangu binafsi, ya kutundika ukutani: kuiga michoro ya Edward Hopper, yule mchoraji wa Marekani, kwa kutumia watu na maeneo ya Dar. Nimeanza na ule wa mgahawa wa usiku. Nilikodi kofia mbili za pama, nikamvalisha dada mmoja gauni jekundu, nikawakalisha kwenye banda la chipsi Kariakoo saa nne usiku. Picha imetoka kali, lakini kila anayeiona anasema inafanana na tangazo la bia. Nimekosea wapi? Hao wanaofanya kazi hii huko nje wanafanyaje? Na je, kuiga mchoro wa mtu si wizi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Picha uliyoambatanisha nimeitazama kwa utulivu. Kiufundi haina ubaya: fokasi imekaa, weusi umekolea, rangi hazijaungua. Lakini waliokwambia inafanana na tangazo hawajakuonea. Umechukua vitu vya Hopper ukaacha maamuzi yake. Kofia ya pama New York ya mwaka 1942 lilikuwa vazi la mwanamume yeyote aliyetoka kazini. Kariakoo ya leo ni vazi la mwigizaji. Mtazamaji akiiona tu anajua huyu kavalishwa, na akishajua hivyo haamini tena kitu kingine kilichomo kwenye fremu, hata zile chipsi ambazo ni za kweli. Halafu kijana wako wa chipsi anatabasamu kuelekea kwenye kamera. Matangazo yote yako hivyo: kila mtu anajua anatazamwa.

Sasa turudi kwenye mchoro wenyewe, maana nadhani umeutazama kwenye simu tu. Nighthawks, ndio huo wa mgahawa wa usiku, unatunzwa kwenye jumba la sanaa la Art Institute ya Chicago, una upana wa sentimita 152.4 na kimo cha sentimita 84.1. Hopper aliumaliza Januari 1942, wiki chache baada ya Pearl Harbor, kambi ya wanamaji ya Marekani, kushambuliwa, na Chicago wakaununua mwaka huohuo kwa dola 3,000. Watu wamezunguka sana mitaa ya Greenwich Village, huko New York, wakiutafuta ule mgahawa, na hawakuupata kwa sababu haukuwahi kuwepo jinsi ulivyochorwa. Mwenyewe alieleza kwamba wazo lilianzia kwenye mgahawa mmoja wa Greenwich Avenue, pale mitaa miwili inapokutana, kisha akarahisisha mambo mengi na kuukuza mgahawa. Wanaume wawili walioketi ni yeye mwenyewe akijitazama kwenye kioo. Mwanamke ni mkewe, Josephine Nivison, ambaye tangu walipooana mwaka 1924 alikuwa mwanamke wa karibu kila mchoro wa mumewe.

Kwa hiyo mchoro huu unaosifiwa kwa uhalisia umepangwa kuanzia juu mpaka chini. Wengi wanaokuja kwangu wanadhani mchoraji wa uhalisia ni mtu aliyekuta jambo akalinakili, na wao wakipanga picha wanajiona wanadanganya. Gustave Courbet, Mfaransa aliyepandisha bendera ya uhalisia, aliwaona wapasua mawe wawili kando ya barabara mwaka 1849. Hakuweka turubai palepale. Aliwaomba waje studio. Mchoro ule ulioneshwa kwa ukubwa wa mita 1.65 kwa 2.57, ukubwa ambao zamani ulitengwa kwa wafalme na watakatifu, na uliteketea mwaka 1945 karibu na Dresden wakati wa vita. Leo tunaujua zaidi kupitia picha za kamera. Nimekutajia huu kwa makusudi, kwa sababu Kunduchi Mtongani hapo kuna akina mama wanaoponda kokoto kwa nyundo, na sijui kwa nini wapiga picha wetu wanakimbilia gauni jekundu la New York na kuupita mchoro ambao watu wake tunao nje ya mlango. Utazame vizuri huo wa Courbet: hakuna uso unaoonekana sawasawa. Mzee kafunikwa na kivuli cha kofia, kijana katupa mgongo. Uzito wote umewekwa kwenye migongo, magoti na suruali zilizochanika.

Tuendelee na Hopper maana ndiye uliyemtaka.

Josephine alikuwa na tabia ambayo ningependa kila mpiga picha aige. Kila mchoro ulipokamilika, Hopper alichora mfano wake mdogo kwenye daftari la hesabu, na Josephine akaandika maelezo pembeni. Kwa Nighthawks aliandika kuhusu kaunta ya mbao ya mcheri, mwanga unaogonga matangi ya chuma upande wa kulia, mstari mkali wa vigae vya kijani chini ya kioo, njia ya miguu ya kijani iliyopauka, nyumba za matofali mekundu yaliyokolea ng'ambo ya barabara. Mwishoni akaongeza jambo moja kana kwamba alitaka lisisahaulike: kipande cha dari ya ndani, inayong'aa, kinachokutana na giza la mtaa kwenye ukingo wa juu wa dirisha.

Fungua mchoro sasa hivi uitafute hiyo dari. Ni mkanda mwembamba tu, lakini ndio unaokuambia kwamba taa iko juu, iko ndani, na ni moja. Ukiuziba kwa kidole mgahawa wote unapoa. Taa za tyubu ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia kwenye maduka miaka hiyo, na Hopper aliona kabla ya wengi jinsi zinavyomwaga mwanga bila kumpendelea mtu. Banda lako la chipsi lina balbu moja inayoning'inia usawa wa uso, basi. Yaliyo chini ya balbu yameungua, yaliyo nyuma yamepotea.

Halafu hesabu alivyoviondoa. Mlango wa kuingilia kutoka mtaani hauonekani. Kuna ule wa njano wa jikoni tu. Gari hakuna, takataka hakuna, mpita njia hakuna, na duka la ng'ambo halina bidhaa za maana dirishani. Kaunta ina vikombe, vikopo vya chumvi na vibweta vya karatasi za kujifutia, na imeachwa wazi kwa urefu mkubwa. Kwenye picha yako nimeona ndoo, kreti za soda, bango la mtandao wa simu, stika za wagombea, pikipiki mbili, na mtu anayechungulia kwa nyuma. Najua, Kariakoo ndivyo ilivyo. Na New York ya Hopper nayo haikuwa tupu.

Sasa kile kitu kilichonifanya niweke neno kioo kwenye kichwa cha habari. Banda la chipsi liko wazi. Harufu inatoka, sauti zinatoka, ukipita unaitwa "kaka, karibu". Hopper amekuweka nje ya kioo kikubwa kilichojikunja kwenye kona, unawaona watu wote wanne na humsikii hata mmoja. Zaidi ya hapo, kona ile ina kioo pande mbili, hivyo jicho linapita ndani ya mgahawa, linapita katikati ya watu, linatokea tena mtaani upande wa pili. Hilo ndilo la kutafuta. Kofia hazikuhitajika hata kidogo.

Dar ina vioo vya usiku vingi kuliko unavyofikiri. Duka la dawa la kona lenye taa nyeupe mpaka saa tano. Duka dogo la kituo cha mafuta. Chumba cha mashine za kutolea pesa. Na chaguo langu, kinyozi: ile saluni ya kiume ya fremu ya mwisho, mlango wa alumini wa kusukuma, kioo kuanzia sakafuni mpaka juu, vioo vya kujitazamia ndani, mteja kafungwa shuka shingoni, mwingine anasubiri kwenye benchi na simu yake, kinyozi kasimama na mashine mkononi akitazama televisheni. Watu watatu hao hapo. Hakuna unayehitaji kumvalisha. Mteja aliyefungwa shuka hawezi hata kugeuza kichwa. Kwa mpiga picha anayehitaji watu watulie, hiyo ni zawadi.

Unaweza kunipinga kwamba Dar hakuna upweke wa namna ile, kwamba hapa mtu akikaa peke yake dakika tano anaulizwa kama anaumwa. Hopper alipobanwa kuhusu mchoro huu alikubali kuwa labda, bila kujua, alikuwa anachora upweke wa jiji kubwa. Lakini pia alilalamika kwamba habari hiyo ya upweke imezidishwa. Mimi nasoma Nighthawks kwa kutazama mikono. Mkono wa mwanamume na wa mwanamke imekaribiana mno kwenye kaunta na haijagusana. Wako pamoja, na macho yao hayapo pamoja. Panda mwendokasi ya saa moja usiku kutoka Kivukoni kwenda Kimara uone kama hujui hali hiyo.

Na kama unataka mtu mmoja tu, mtu wa Hopper wa jiji hili ni mlinzi. Kiti cha plastiki mbele ya duka lililofungwa, taa ya duka inawaka nyuma yake usiku kucha, redio ndogo, rungu, shuka. Nashangaa kwamba hatujaanza naye.

Umeuliza wenzetu wanafanyaje. Njia ni nyingi na hazilingani kwa thamani, kwa maoni yangu.

Wapo wanaojenga upya kila kitu. Gustav Deutsch wa Austria alitoa mwaka 2013 filamu iliyotengenezwa kwa michoro 13 ya Hopper, Shirley: Visions of Reality. Alipoanza kujenga vyumba kwa vipimo halisi aligundua vyumba vya Hopper havikai: vitanda na viti ilibidi vitengenezwe vikiwa vimepindishwa ili kamera ikisimama mahali pamoja maalumu vionekane kama vilivyochorwa. Kwako somo ni la moja kwa moja. Usihangaike kulinganisha mistari yako na ya kwake kwa rula, maana mistari yake haikutoka kwenye lenzi yoyote. Jumba la makumbusho la sanaa la Virginia nalo mwaka 2019 lilijenga chumba kutoka mchoro wa Western Motel wa 1957, na wageni wakaruhusiwa kulipia na kulala humo. Inafurahisha, lakini hiyo ni hoteli.

Richard Tuschman wa Marekani ananivutia zaidi. Alijenga vyumba vidogo vya ukubwa wa nyumba ya mwanasesere, akavipiga picha kwa mwanga wa dirisha la kubuni, kisha akawapiga watu halisi peke yao studio chini ya mwanga unaotoka upande uleule, akaunganisha kwenye kompyuta. Mfululizo wake unaitwa Hopper Meditations, na hakuna hata chumba kimoja kilichomlazimu akodi. Mtu wa Mbagala mwenye maboksi, rangi ya ukuta na fundi seremala rafiki anaweza kufanya hivyo. Sharti lake ni moja tu, pembe ya mwanga kwenye boksi na pembe ya mwanga kwenye mtu ziwe ileile. Ikipishana, hata mtoto ataona kwamba mtu kabandikwa.

Gregory Crewdson anafanya kinyume chake: anafunga mitaa ya miji midogo ya Massachusetts, analeta timu kama ya sinema, taa kwenye mikono ya mitambo, na hakuna picha yake hata moja inayonakili mchoro fulani wa Hopper. Anakiri wazi kuwa kisanaa ni mtoto wa Hopper, ila alichorithi ni saa ya jioni, dirisha linalowaka na mtu aliyesimama akiwa amesahau alichokuja kufanya. Bajeti yake tuiache huko.

Lakini anayepaswa kukaa kichwani mwako kuliko wote hakumgusa Hopper. Tom Hunter aliishi Hackney, London, kwenye nyumba ambazo watu walikuwa wamezivamia na kuzifanya makazi. Wakazi wakaandikiwa na mahakama waondoke. Mwaka 1997 alimpiga picha jirani yake akiwa amesimama dirishani akisoma ile karatasi ya kufukuzwa, mtoto wake mchanga amelala mbele yake. Mkao, dirisha, mwanga wa ubavuni, vyote vimetoka kwa Vermeer, mchoraji Mholanzi wa zamani, kwenye mchoro wa msichana anayesoma barua uliopo Dresden. Vermeer alimpa msichana wake barua ambayo wengi huiona ni ya mapenzi. Hunter aliuacha mwanga jinsi ulivyo akabadilisha karatasi. Picha ile ilimpatia tuzo kubwa ya picha za watu mwaka uliofuata, na mtu asiyemjua Vermeer kabisa bado anaielewa.

Nataka ukae na mfano huo kwa muda. Hapa kwetu karatasi hiyo ina sura yake: X nyekundu iliyopigwa ukutani. Bonde la Msimbazi wanaijua, Kimara wanaijua. Dada anasoma kitu dirishani, na nje, kwenye ukuta wa jirani, X. Nisingekushauri uipake wewe rangi kwa ajili ya picha wala uende kumwomba mtu usiyemjua asimame mbele ya msiba wake. Hunter alikuwa mkazi wa nyumba zilezile, na karatasi ilikuwa imemfikia na yeye. Wewe tafuta karatasi inayofika Mbagala.

Kwa upande wa Afrika mtazame Omar Victor Diop wa Senegal. Kwenye mfululizo wake wa mwaka 2014, Project Diaspora, alijipiga picha mwenyewe katika mikao ya Waafrika waliochorwa Ulaya karne zilizopita. Mmojawapo ni Jean-Baptiste Belley, mbunge mweusi wa Ufaransa aliyechorwa na Mfaransa Girodet mwaka 1797. Mavazi ni ya zama zile, kisha unakuta mpira wa miguu, au filimbi ya refa, au glavu za kipa. Hakuna anayedhani ni bahati mbaya. Kama una hamu ya mavazi, fanya hivyo: kitu cha leo kionekane wazi kuwa kimewekwa kwa makusudi.

Basi turudi kwa kinyozi, tuzungumze kazi.

Kwanza umbo. Kamera yako inatoa fremu ya 3 kwa 2. Nighthawks ni takriban 1.8 kwa 1, karibu sawa na skrini ya televisheni. Kata juu na chini tangu mwanzo, weka alama kwenye skrini ya kamera kama inaruhusu, maana urefu ule wa pembeni ndio unaozaa kaunta tupu na mtaa mtupu. Simama ng'ambo ya barabara, tumia lenzi ya milimita 50 au hata 85. Ukisogea na lenzi pana, nguzo zinalala na fremu ya alumini inafunguka kama mdomo. Panda kitu kidogo, ngazi mbili tatu, ili uone juu ya meza. Na kumbuka dari ya Josephine.

Saa nne usiku umechelewa. Mbingu imeshakuwa nyeusi tii na nyumba za ng'ambo zimekufa. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linazama wima, giza halichelewi. Adhana ya magharibi ikisikika, una kama dakika 20 ambazo anga bado lina buluu ya kutosha kuchora ukingo wa paa. Uwe umeshafunga stendi, umeshapima, umeshaongea na watu wako kabla ya adhana. Na usitoe kamera ndani ya gari lenye kiyoyozi ukaanza kazi palepale, lenzi itaweka ukungu na hizo dakika utazimaliza ukifuta.

Taa nyingi za LED za madukani kwetu ni 6500K (K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), nyeupe ya kibuluu. Muombe mwenye saluni umbadilishie kwa muda balbu za 4000K, weka kamera kwenye 4500K hivi: ndani kutaelekea umanjano kidogo, anga litabaki na buluu. Ukijani ule wa njia ya miguu utautia kidogo kwenye vivuli wakati wa kuhariri. Kidogo, tafadhali. Apacha f/8, ISO 400, shata anzia moja ya nane ya sekunde upime kwa ukuta wa ndani. Watu watulie. Usiwashe flashi kutoka upande wako, maana ukiiwasha umekwenda kusimama ndani na kioo kimekufa.

Kioo kitakuletea taa za bodaboda zinazotoka nyuma yako. Filta ya polaraiza husaidia ukisimama mshazari. Ukisimama mkabala haisaidii kitu. Njia ya uhakika ni nyuma yako kuwe na giza, hata kama ni kwa kitambaa cheusi kilichoshikwa na vijana wawili. Wapita njia nao wana dawa yao: bila kugusa stendi piga fremu 20 au 30, kisha programu ya kuhariri ichague thamani ya kati kwa kila nukta. Anayepita anafutika, aliyetulia anabaki. Mtaa wa Kariakoo unakuwa mtupu bila kumfukuza mtu. Ukitaka utupu wa bure, subiri Jumapili alfajiri. Hopper ana mchoro wa safu ya maduka wa mwaka 1930, Early Sunday Morning, ingawa alisema haikuwa lazima iwe Jumapili, neno hilo liliongezwa na mtu mwingine.

Kuhusu watu: usiwaambie "kuwa na huzuni". Mpe kila mmoja kitu cha kufanya. Anayesubiri apige hesabu ya pesa kichwani, mteja asikilize mashine, kinyozi atazame mpira. Huzuni ikitakiwa itakuja na mtazamaji.

Nina neno pia juu ya michoro ya asubuhi, kwa sababu nadhani ndiko utakakofaulu haraka zaidi. Morning Sun ya mwaka 1952: mwanamke ameketi kitandani, dirisha wazi, jua limemgonga yeye na ukuta. Josephine alikuwa anakaribia miaka 70 alipokaa mkao huo. Kwenye mchoro wa maandalizi Hopper amejaza mwili wake maandishi ya rangi, wapi kuna joto, wapi kuna ubaridi. Fanya hivyohivyo: chapisha picha yako ya majaribio kwenye karatasi ya kawaida uiandikie juu kwa kalamu.

Jua lile liko chini sana. Hapa utalipata kwa muda mfupi. Saa moja na nusu asubuhi jua la Dar liko kwenye digrii 15 hivi, na bado linafika ukuta wa ndani. Kufika saa tatu limeshapanda karibu digrii 40, doa lake limeanguka sakafuni chini ya dirisha. Tafuta chumba kinachotazama mashariki, ghorofani, bila nyumba mbele. Juni na Julai, masika yakiwa yamekwisha, ndiyo miezi yangu, na wakati huo jua linachomoza likiwa limeelemea kaskazini, kwa hiyo dirisha la kaskazini mashariki ni bora zaidi.

Sasa dirisha la Hopper halina kitu, hata kioo huwezi kukiona. La kwetu lina nondo, lina wavu wa mbu, na juu ya kitanda kuna chandarua kimefungwa fundo. Utashawishika kuviondoa. Viache. Kivuli cha nondo kikiangukia ukuta na bega la mtu, picha inazungumza habari ambayo Hopper hakuwa nayo, na hakuna atakayekuambia umeiga.

La wizi. Wazo, mkao na pembe ya mwanga si mali ya mtu, na wachoraji wenyewe wamekuwa wakikopana tangu zamani. Kunakili mchoro mzima sehemu kwa sehemu na kuuza nakala ni jambo jingine, na Hopper alifariki mwaka 1967 tu, haki za kazi zake bado zinasimamiwa Marekani. Ukibadilisha mahali, watu na maana kama tulivyozungumza, unakaa mbali na tatizo. Kabla ya kuuza au kuchapisha kitabu pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize, na chini ya kila picha andika wazi: kwa kumfuata Edward Hopper, jina la mchoro, mwaka. Anayeficha chanzo ndiye anayeonekana mwizi.

Upande wa ruhusa, usipige bila kuongea na watu. Kinyozi alipwe kwa muda wa kiti chake. Mlinzi muombe yeye kwanza, kisha mwajiri wake, maana picha ikimkuta mwajiri ukutani kabla hajaambiwa, anayepoteza kazi si wewe. Pantoni ya Magogoni inavutia sana usiku, ila pale ni jirani na Ikulu, kwa hiyo kamera ibaki begini mpaka uwe na kibali mkononi. Ukishakuwa na picha tano au sita zinazosimama pamoja, wapelekee Nafasi Art Space, kile kituo cha sanaa pale Mikocheni. Chapisha moja kwa upana uleule wa sentimita 152 uende nayo, maana mkanda wa dari ya kinyozi kwenye skrini ya simu hautaonekana.